Goti linalouma lisikalishwe

Wagonjwa wengi wenye goti lililosagika hunifikia wakiwa wameshalipumzisha goti kwa miezi. Wameacha ngazi, wameacha matembezi, wanashinda kitini wakiogopa kumaliza kile kilichobaki. Hofu hiyo naielewa, ila mimi kama mtaalamu wa fiziotherapia kazi yangu ya kwanza ni kuwanyanyua hapo kitini.

Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hauna mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, nao ute huo huingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, mfano wa sifongo majini. Goti lisilotembezwa halilishwi vizuri. Wakati huohuo misuli ya mbele ya paja hunyauka, na hiyo ndiyo inayopokea sehemu ya mzigo kila unapokanyaga. Ikilegea, goti hubeba peke yake.

Gegedu pia haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu hutoka kwingine: kwenye mfupa ulio chini yake, au kwenye utando wa ndani ya kiungo unapovimba. Ndiyo maana picha ya eksirei haipimi maumivu. Wapo wenye picha ya kutisha wanaotembea bila shida, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku. Ukiambiwa “goti limekwisha” kwa kuangalia picha tu, usikate tamaa.

Zoezi ninaloanza nalo ni kuinuka kitini na kukaa tena, polepole, bila kujisukuma kwa mikono. Mara kumi, unapumzika, unarudia, siku tatu kwa wiki. Likikushinda, weka mto ili kiti kiwe juu zaidi. Litauma kidogo, na maumivu yakitulia kabla ya kesho yake hakuna ubaya. Ukiamka goti limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi lakini usiache. Nafuu ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu, jambo linalonisikitisha kila mara.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua kidogo hulipa sana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Fimbo nayo husaidia, ila ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Karibu kila mtu huishika kinyume.

Kwenye dawa, anza na jeli ya kupaka, kama ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Vidonge vya jamii hiyo hutuliza, lakini vikitumiwa kiholela huchubua tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, hutoa nafuu ya wiki kadhaa na si ya kuzoelewa. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, sipendekezi; ushahidi wake ni dhaifu mno.

Na ukiambiwa goti lisafishwe kwa kamera, yaani uingiziwe kamera ndogo na vifaa kupitia matundu madogo ili kiungo kioshwe ndani, uliza maswali. Mwaka 2002 watafiti wa Houston, Marekani, walilinganisha wagonjwa waliosafishwa kweli na wengine waliokatwa ngozi tu bila kujua, na kwa miaka miwili waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuwashinda wenzao. Kubadilishwa goti zima ni habari nyingine: kuna wanaohitaji upasuaji huo na unawafaa sana, baada ya haya yote kushindwa.

Yote hayo ni kwa goti lililosagika. Vidole vya mikono vikivimba pande zote mbili na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, huenda ni baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo. Hapo dawa za kutuliza kinga hiyo, kama methotreksati, zianze mapema, kwa sababu mazoezi hayataizuia kula mifupa. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto ghafla usiku, fikiria jongo, ugonjwa wa chembe za asidi ya uriki kujikusanya kwenye kiungo. Na kiungo kimoja kikivimba, kikawa cha moto na ukawa na homa, usijaribu zoezi lolote: hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, nenda hospitali siku hiyohiyo.