Muda wa ndege si umbali uliogawanywa kwa mwendo
Wengi huchukua umbali kati ya viwanja viwili vya mikoani, tuseme kilomita 300, wakaugawanya kwa mwendo wa ndege ya pangaboi, yapata kilomita 500 kwa saa, wakapata dakika 36, kisha wakashangaa tiketi inapoonyesha saa nzima. Kasoro ni kwamba mwendo huo hufikiwa tu baada ya ndege kupanda hadi kimo chake, nayo huanza kuupunguza mapema ili ishuke. Tena, na hili ndilo husahaulika zaidi, saa za tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena na magurudumu kuwekewa kabari. Upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa nao huacha mwendo wa 450 tu juu ya ardhi, ndiyo maana kwenda na kurudi hutofautiana.