Nyumba ya mawe ya Lamu hufuata boriti

Mgeni akiingia nyumba ya kale ya Lamu hushangaa: mbona vyumba ni virefu lakini vyembamba? Atazame dari. Imebebwa na boriti za mikoko, na boriti nene iliyonyooka ni shida kuipata ndefu. Ukitoa sehemu zinazolala ukutani, upana unaobaki ni kama mita 2.5. Basi vyumba hupangwa safu baada ya safu: daka (ukumbi wa mlangoni) lenye baraza, kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, misana miwili (kumbi ndefu za kukaa), halafu chumba kiitwacho ndani, penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Kwangu huo ndio mpangilio uliofikiriwa vyema kuliko wowote pwani hii: mgeni wa kawaida huishia dakani, na mwenye nyumba hana haja ya kumwambia.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kama nusu mita. Unyevu wa ardhini hupanda ukutani, ukatokea kwenye plasta ya chokaa na kukauka. Ukipiga plasta ya saruji, unaufungia njia. Chumvi hujikusanya nyuma yake, plasta inabanduka vipande vipande, na unyevu unazidi kupanda hadi kwenye vichwa vya boriti. Boriti haianzi kuoza katikati unapoiona. Huanzia kichwani, ndani ya ukuta. Ichome kwa bisibisi pale inapoingia. Bisibisi ikizama kwa urahisi, boriti hiyo imekwisha. Anza na zilizo chini ya choo cha juu, maana huko ndiko maji huvujia.

Kabla ya kuitoa boriti iliyooza, egemeza dari kwa mbao na nguzo, kisha chimbua tundu. Boriti mpya iwe imekauka, iingie ukutani angalau sentimita 15, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa. Usikizibe kwa saruji!

Saruji ya zamani ibandue yote, uuache ukuta ukauke kwanza. Plasta mpya ni chokaa kilicholowekwa ndoo moja kwa mchanga safi ndoo tatu. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usiutumie. Kila tabaka lisizidi sentimita moja. Chokaa hukazwa na hewa, polepole, kwa hiyo kikinge na jua kwa magunia mabichi na ukinyunyizie maji kwa siku kadhaa. Fundi akikuharakisha hapa, plasta itapasuka nyufa ndogo ndogo kabla hujapaka rangi. Na rangi yenyewe iwe ya chokaa: ya plastiki hufungia unyevu vilevile.