Bibi anasahau? Ulizia vitamini B12 kabla ya kusema ni uzee

Mwezi Machi dada mmoja wa Ujiji alimleta mama yake kliniki ya kisukari ninakofanya kazi, hapa Kigoma. "Daktari, mama anauliza jambo moja mara tano. Naona uzee umemwingia." Bibi yeye alikuwa na lake: "Miguu, mwanangu. Nikikanyaga chini ni kama nakanyaga pamba."

Niligonga kile chuma chenye meno mawili kinachotetemeka, nikakiweka kwenye kifundo cha mguu. "Unasikia nini?" "Ubaridi tu." Mpaka nilipofika gotini ndipo akasikia mtetemo. Ulimi wake ulikuwa mwekundu, laini kama umepigwa msasa. Metformini, dawa ya kisukari, ameitumia miaka tisa.

Vitamini B12 hutunza ala inayozunguka mishipa ya fahamu, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Ala ikichubuka, miguu hufa ganzi, mwendo huyumba, kumbukumbu hupotea. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hunyemelea taratibu mno.

Utaniuliza: Kigoma hii ya dagaa na migebuka? Ndiyo, dagaa wana B12 tele. Ila imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo huibandua. Uzeeni asidi hiyo hupungua kwa wengi, omeprazoli, dawa ya kiungulia na vidonda vya tumbo, ikitumiwa muda mrefu huipunguza zaidi, na metformini huzuia B12 isifyonzwe vizuri. Tena wapo wazee walioishiwa meno, wanaokula ugali wa muhogo kwa kisamvu siku zote. Humo B12 haimo.

Linaloniuma zaidi ni hili: mzee anaambiwa damu imepungua, anapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Foliki yaweza kuongeza damu, nyumba nzima ikafurahi, kumbe mishipa ya fahamu inazidi kuharibika.

Vitamini D nayo naulizwa sana. Utafiti wa mwaka 2014 uliofuatilia wazee 1,658 wa Marekani ulikuta kwamba wenye upungufu mkubwa walipata demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, takriban mara mbili ya wenye kiwango cha kutosha. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kuwa vidonge vinakinga. Msiuze mbuzi kwa ajili ya makopo ya vitamini. Wala si kila usahaulifu ni B12. Alzheimer, aina moja ya demensia, haiponi kwa sindano. Lakini B12 inapimika na inatibika, basi ianze kupimwa hiyo.

Bibi tulimtoa damu ya kupima, na sindano ya kwanza akachomwa siku ileile, maana dalili zikishafika kwenye mishipa ya fahamu hatungoji majibu. Yaliporudi, B12 ilikuwa chini sana.

Juzi amekuja tena. Siku anaijua, na alimsahihisha binti yake hesabu ya nauli mbele yangu. Nikaweka chuma kifundoni. "Bado ubaridi tu, mwanangu." Wangemleta mwaka jana, pengine angesikia.