Saa ya mirija ya Nixie: kifuniko cheupe au cha giza?

Kila nikimaliza kutengeneza saa ya Nixie, yaani mirija ya kioo yenye nyaya za umbo la namba zinazowaka ndani, mwenyewe huniuliza: kifuniko kiwe cha akriliki (plastiki ngumu kama kioo) nyeupe, yaani isiyo na rangi, au ya giza? Wengi hudhani ya giza huongeza mng'ao. Haiongezi chochote. Hupunguza, ila mwanga wa chumba huumia zaidi kuliko mwanga wa namba.

Chukua akriliki ya rangi ya moshi inayopitisha nusu ya mwanga. Mwanga wa namba uko ndani tayari, huivuka mara moja tu na kubaki asilimia 50. Ule wa dirishani huingia, hugonga nyaya na soketi, kisha hurudi nje: umevuka mara mbili, imebaki asilimia 25. Ndiyo maana namba huonekana zimekolea.

Rangi nayo ina neno. Nixie, zilizoletwa sokoni na Burroughs mwaka 1955, huwaka kwa gesi ya neoni, na mwanga wa neoni ni wa chungwa na nyekundu. Akriliki ya rangi ya kaharabu (manjano-kahawia) huupitisha vizuri na kuzuia buluu, hata ule ukungu wa buluu unaoletwa na zebaki kidogo iliyomo ndani ya baadhi ya mirija. Kama saa yako imewekewa LED za buluu chini ya mirija, nazo zitafifia. Kwangu mimi hiyo ni faida.

VFD, zile namba za kijani-buluu za deki za video za zamani, ni habari nyingine. Vipande vyake vinavyounda namba vimepakwa unga mweupeupe unaoakisi mwanga hata vikiwa vimezimwa. Mchana ukiwasha 1, unaona na kivuli cha 8 nzima. Hapo sibishani na mtu: kifuniko cha kijani au buluu.

Tukirudi kwa Nixie: kwa aina ya IN-14 za Kisovieti, zinazosimama wima, naweka nyeupe, maana mrija wenyewe ni pambo. Aina ya IN-12 hutazamwa kwa juu, na soketi zake hazipendezi, kwa hiyo naziwekea moshi. (Ukitazama vizuri, 5 yake ni 2 iliyopinduliwa.)

Usichague usiku, usiku kila kifuniko ni kizuri. Omba vipande vya mabaki kwa wachonga mabango, uvishike mbele ya saa yako, saa sita mchana, palepale itakapokaa. Na ujue kwamba uso wa akriliki inayong'aa, rangi yoyote ile, huakisi karibu asilimia 4 ya mwanga. Dawa yake ni kuinamisha kifuniko kidogo ili taswira ya dirisha iangukie mezani.

La mwisho ni usafi. Niliwahi kufuta kwa spiriti kifuniko kilichotoka kukatwa kwa leza. Kabla sijaweka kitambaa chini, ukingo mzima ulikuwa umejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Siku hizi ni maji ya vuguvugu na tone la sabuni. Kile kilichopasuka ndicho ninachojaribia rangi.