Paundi 9,500 za winchi yako ziko mwisho wa waya

Juzi Ndutu, kule mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, nimeambiwa tena, na safari hii nimechoka: "Kaka, winchi hii ni ya paundi 9,500. Gari halifiki hata tani nne. Inatosha kabisa." Anayeniambia ana rimoti ya winchi (mashine ya kuvutia gari lililokwama) mkononi na amesimama hatua moja tu kutoka kwenye waya uliokaza. Mbele yake Land Cruiser ya mwenzake imelalia chesisi kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mota inaguna, taa za dashibodi zinafifia, na gari halisogei hata kidole kimoja. Kutoka gari hadi gari kulikuwa na mita sita.

Paundi 9,500 ni kama kilo 4,300, hapo hatubishani. Ila namba hiyo hupimwa waya ukiwa kwenye tabaka la kwanza, ile mizunguko inayogusa chuma cha ngoma, yaani bomba linalozungushiwa waya. Kila tabaka linalopanda juu yake linainenepesha ngoma, na ngoma ikinenepa mota ileile inavuta kwa nguvu ndogo zaidi. Ukifika tabaka la nne umebaki na kama theluthi mbili ya nguvu, yaani kilo 2,900 hivi. Sasa piga hesabu: winchi nyingi za magari yetu zina mita 30 za waya, na tabaka la kwanza halichukui zaidi ya mita sita au saba, ambazo mizunguko mitano yake hairuhusiwi kufunguka kabisa kwa sababu ndiyo inayoushika waya usichomoke. Kwa hiyo ukivuta gari lililo mita sita mbele yako, unavuta na ngoma iliyojaa. Umejipeleka mwenyewe kwenye sehemu dhaifu kuliko zote, kisha unashangaa winchi "imechoka".

Halafu kuna matope. Uzito wa gari barabarani hauna maana sana hapa. Tunafundishana kwamba matope yakifika usawa wa tairi uhesabu uzito wote wa gari, yakifika madigadi uhesabu mara mbili. Naitumia hesabu hiyo, lakini kwa udongo mweusi siiamini sana. Nimeona gari lililozama kidogo tu likagoma kwa sababu limekaa saa nzima na udongo umelinyonya. Ndiyo maana beleshi linatoka kabla ya winchi. Chimba mbele ya kila tairi, ondoa udongo chini ya ekseli ili hewa iingie. Dakika ishirini za jasho hupunguza mzigo kuliko winchi yoyote utakayonunua.

Tulichofanya ni hiki. Nilirudisha gari la kuvuta nyuma hadi mita 12, tukafunga kapi (gurudumu lenye mfereji wa kupitishia waya) kwenye gari lililokwama, waya ukaenda na kurudi, ndoano ikafungwa kwenye chesisi ya gari la winchi. Kapi linaongeza nguvu karibu mara mbili na kupunguza mwendo nusu. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni kwamba mita 12 kwenda na kurudi ni mita 24 za waya, kwa hiyo umeshuka hadi karibu na tabaka la kwanza. Umepata faida mbili kwa mpigo. Gharama yake ni kwamba pale kapi lilipofungwa panabeba karibu mara mbili ya mvuto wa waya, basi pafungwe kwa mkanda mzima na pingu ya chuma yenye pini, kwenye chesisi. Bampa hapana. Ile tufe ya chuma ya kuvutia tela, hapana kabisa: ikikatika inaruka kama risasi, na imeshaua watu.

Mengine mnayajua: glavu, injini iwake kwa sababu mota ikizidiwa inaweza kula hadi ampea 400, pumzisha kila baada ya muda mfupi, mtu mmoja tu atoe ishara. Blanketi zito juu ya waya naliweka kila mara, japo nina wasiwasi kama linazuia waya unaokatika kwa nguvu zote. Kwa hiyo sitaki mtu asogee karibu eti kwa sababu blanketi lipo. Kaa mbali kuliko urefu wa waya uliofunguliwa, wala usisimame ndani ya ile pembe ya waya na kapi.

Wageni wetu, watalii, tuliwapeleka mbali, upande wa nyumbu. Mota ilianza kuvuta kwa sauti nyingine kabisa, nyepesi, na taa hazikufifia. Udongo ukaachia kwa mlio mzito, gari likapanda taratibu. Kisha nikamsimamisha yule kijana wa rimoti, tukaufungua waya na kuuzungusha upya ukiwa umekazwa, kwa sababu mizunguko ya chini ilikuwa imelegea na ile ya juu ilishaanza kujichimbia katikati yake.