Jenomu ya kiwavi wa hariri: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ni mdudu wa vitambaa, hamhusu mkulima wa nyanya Tengeru.

Anamhusu sana. Jenomu ni maelekezo yote ya urithi ya kiumbe, yaliyoandikwa kwenye DNA; jeni ni agizo moja kati ya hayo. Kiwavi wa hariri ni mtoto wa nondo, sawa na kantangaze anayemaliza nyanya zetu na viwavijeshi wa kwenye mahindi. Jeni ikishatambuliwa kwake, kuitafuta kwa ndugu zake ni rahisi zaidi. Chukua Gr66, jeni ya kipokezi cha ladha. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba viwavi wa hariri walioharibiwa jeni hiyo waliacha kuchagua, wakala hata matofaa na soya badala ya majani ya mforosadi peke yake. Kantangaze lazima apimwe mwenyewe, lakini sasa tunajua pa kuanzia.

Dhana: Jenomu ilisomwa yote 2004.

Mwaka huo China na Japani zilitoa rasimu, kila moja yake. Zikaunganishwa 2008, bado zikiwa na mapengo. Zaidi ya asilimia 40 ya jenomu hii ni vipande vinavyojirudia. Jeni ya fibroini, protini kuu ya hariri, ina herufi za DNA zaidi ya 15,000 zenye mpangilio unaorudiarudia, na mashine za wakati ule zilisoma mia kadhaa tu kwa mkupuo. Kompyuta ilishindwa kujua kipande kipi kikae wapi.

Dhana: Kiwavi yeyote, ukimsaga, atatoa DNA nzuri.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukimsaga mzima unachanganya DNA yake na ya majani na bakteria wa tumboni. Chukua aliyejivua gamba mara nne, mpasue, toa tezi ya hariri sehemu ya nyuma, isuuze kwa maji ya chumvi yenye ubaridi, kisha igandishe papo hapo. Ukichelewa, vimeng'enya huikata DNA. Seli za tezi hiyo hurudufu DNA bila kugawanyika, ndiyo maana inatoa nyingi. Tumia pipeti (mrija wa kunyonyea kimiminika) yenye ncha pana, kwani nyembamba hukata nyuzi ndefu.

Mara nyingi huchaguliwa dume. Mgeuze kiwavi tumbo juu: jike ana vidoa vyeupe viwili viwili kwenye pingili ya nane na ya tisa za tumbo, dume ana kimoja katikati, kati ya pingili hizo. Jinsia hubebwa na kromosomu (vifurushi vya DNA) ziitwazo Z na W: dume ni ZZ, jike ni ZW, na kromosomu W imejaa marudio yanayovuruga upangaji wa vipande.

Dhana: Basi W ni takataka.

Sivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kinachoamua kiwavi awe jike ni RNA (nakala ya DNA) fupi sana itokayo kwenye W, wala si protini. Anayechunguza jinsia ya kantangaze asome jenomu ya jike pia.