Tagi ya franchaizi: NFL inavyomzuia kwotabeki aliyeibuka ghafla

Katika soka tuliyoizoea, mkataba wa mchezaji ukifika mwisho klabu haina kamba ya kumfunga. Anasaini anakotaka, nao wanabaki kumtakia kila la heri. NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, imejiachia breki moja. Kila mwaka timu inaruhusiwa kumteua mchezaji mmoja tu ambaye mkataba wake unaisha na kumzuia kwa msimu mmoja zaidi, atake asitake. Uteuzi huo ndio tagi ya franchaizi. Ulianza 1993, mwaka uleule wachezaji walipopata uhuru wa kuhama mikataba yao ikiisha.

Tagi inaweza kumwangukia mchezaji wa nafasi yoyote, lakini mjadala hupamba moto zaidi inapomhusu kwotabeki. Huyu ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua kama ataurusha, atampa mkimbiaji au atakimbia nao mwenyewe. Hakuna nafasi inayolipwa kama hii. Kesi ngumu kuliko zote ni ya kwotabeki ambaye kwa miaka alikuwa wa kawaida, kisha akatoa msimu mmoja mkubwa katika mwaka wa mwisho wa mkataba. Je, ndivyo alivyo, au ni bahati ya mwaka mmoja?

Tuanze na bei. NFL ina kikomo cha mishahara: jumla ambayo kila timu inaruhusiwa kuwatumia wachezaji wake wote, na kwa 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Bei ya tagi ya kawaida hupatikana kwa kuchukua wastani wa mishahara mitano mikubwa ya nafasi husika kwa miaka mitano iliyopita, kuugeuza kuwa asilimia ya kikomo cha miaka hiyo, kisha kuipiga asilimia hiyo kwenye kikomo cha mwaka huu. Kama asilimia 120 ya mshahara wa mchezaji wa mwaka uliopita ni kubwa kuliko hesabu hiyo, analipwa hiyo kubwa. Kwa kwotabeki wa 2025 ilitoka takriban dola milioni 40.2, yaani kama asilimia 14 ya bajeti nzima kwa mtu mmoja, katika kikosi cha watu 53. Mchezaji akishasaini, fedha zote zina dhamana. Akiumia siku ya pili ya mazoezi analipwa zote. Tena fedha hizo zinakalia nafasi kwenye kikomo tangu siku tagi inapotolewa, hata kabla hajasaini. Hapo ndipo timu nyingi hukwama, maana dirisha la usajili hufunguka Machi, siku chache tu baadaye, na milioni 40 tayari zimeshikwa.

Tagi zenyewe ziko za namna tatu. Ile ya pekee inawazuia wengine hata kuzungumza na mchezaji, na bei yake hufuata mishahara mitano mikubwa ya mwaka huohuo, kwa hiyo kwa kwotabeki huwa ghali zaidi. Isiyo ya pekee, ambayo ndiyo ile ya kawaida na hutumika zaidi, inamruhusu kupokea ofa kutoka nje; timu yake ina haki ya kuilinganisha, na ikishindwa inalipwa nafasi mbili za raundi ya kwanza kwenye drafti, yaani zamu za kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya. Baltimore walimwekea kwotabeki wao Lamar Jackson tagi hii mwaka 2023 kwa dola milioni 32.4. Alikuwa ameshatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, lakini hakuna timu iliyothubutu kuleta ofa, na Aprili akasaini na Baltimore miaka mitano kwa milioni 260. Ya tatu ni tagi ya mpito. Bei yake ni wastani wa mishahara kumi mikubwa, timu ina haki ya kulinganisha ofa, ila haipati fidia yoyote akiondoka. Kwa kwotabeki haina maana sana, kwani unamlipa karibu sawa na tagi ya kawaida na mlango umeuacha wazi.

Sasa kesi yenyewe. Sam Darnold alichaguliwa wa tatu kwenye drafti ya 2018 na New York Jets, akahangaika huko, akahangaika Carolina, kisha akakaa benchi San Francisco. Machi 2024 Minnesota Vikings wakamsajili kwa mwaka mmoja, dola milioni 10, awe daraja tu hadi apatikane kwotabeki wa kudumu. Mwezi uliofuata wakamchagua kijana J.J. McCarthy, wa 10 kwenye drafti. McCarthy akaumia goti Agosti akapoteza msimu mzima. Darnold akarusha yadi 4,319, tachidauni 35 (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) na pasi 12 zilizonaswa na wapinzani, Vikings wakamaliza na ushindi 14 na vipigo 3. Halafu zikaja wiki mbili mbaya: walifungwa 31-9 na Detroit kwenye mechi ya mwisho ya kawaida, kisha 27-9 na Los Angeles Rams kwenye mtoano, ambako Darnold aliangushwa mara tisa akiwa bado na mpira mkononi.

Ofisi ya timu ikawa na njia tatu mezani: tagi ya milioni 40, mkataba mrefu, au kumwachia aende.

Swali la kwanza la watu wa kazi hii ni nani aliuzaa msimu ule. Darnold alikuwa na Justin Jefferson, mmoja wa wapokeaji bora wa ligi, pamoja na Jordan Addison, na kocha Kevin O'Connell ambaye mfumo wake hufungua nafasi kubwa katikati ya uwanja. Ili kutenganisha mtu na mazingira, wachambuzi hurudia mkanda wa kila pasi na kuzigawa mafungu mawili: zile alizorusha akiwa amelindwa vizuri, na zile alizorusha mabeki wakiwa wamemfikia. Takwimu za akiwa amelindwa ndizo hudumu zaidi mwaka hadi mwaka. Za akiwa amebanwa hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Kwotabeki aliyeng'ara hasa kwenye fungu la pili ni wa kutiliwa shaka.

Kipimo kingine chepesi ni uwiano wa tachidauni kwa pasi. Mwaka 2013 Nick Foles wa Philadelphia alirusha pasi 317, tachidauni 27, zikanaswa 2 tu. Hiyo ni asilimia 8.5, wakati kwotabeki wa kawaida yuko kati ya 4 na 5. Mwaka uliofuata alirusha pasi 311, karibu idadi ileile, akapata tachidauni 13 na zikanaswa 10. Uwiano ulishuka hadi 4.2, na Machi 2015 akauzwa. Darnold wa 2024 alikuwa na tachidauni 35 kwa pasi 545, kama asilimia 6.4. Ni ya juu, lakini haijapaa kama ya Foles, na ilijengwa juu ya mechi 17. Kwa macho yangu hiyo ilikuwa dalili nzuri kuliko wengi walivyokubali wakati ule, kwa kuwa vipigo viwili vya mwisho viliziba masikio ya watu.

Swali la pili ni nani mwingine yupo na anagharimu kiasi gani. Mshahara wa aliyeingia kwa drafti hupangwa na nafasi aliyochaguliwa. McCarthy alikuwa na mkataba wa miaka minne wenye thamani ya takriban milioni 22 kwa jumla, kama milioni 5 hivi kwa 2025. Fedha hizo zingelipwa kwa vyovyote, kwa hiyo kumwekea Darnold tagi kungemaanisha milioni 40 zaidi kwa msimu mmoja, fedha zinazotosha kununua walinzi wawili watatu wa ukuta wa mbele unaomkinga kwotabeki. Vikings wakachagua kijana na ukuta. Darnold akasaini Seattle miaka mitatu kwa milioni 100.5, na Februari 2026 akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa na timu hiyo, Seahawks. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba hesabu ya Machi 2025 ilikuwa ya kipumbavu. Kilichokosewa zaidi ni kumchukulia McCarthy, ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja rasmi, kama kitu kinachojulikana. Tagi ingewanunulia mwaka wa kumjua. Ilikuwa ghali, lakini ndiyo bidhaa inayouzwa hapa: mwaka mmoja wa kujua zaidi.

Chargers waliinunua. Drew Brees aliibuka San Diego mwaka 2004 kwa tachidauni 27 dhidi ya pasi 7 zilizonaswa, ilhali timu ilikuwa imeshamleta Philip Rivers kwenye drafti ya mwaka huohuo. Wakamwekea Brees tagi kwa 2005. Katika mechi ya mwisho ya msimu bega lake la mkono wa kurushia likateguka na kuchanika ndani, na Chargers wakamwachia. Miami, waliokuwa wakimtaka, nao wakaingiwa na hofu baada ya madaktari wao kulipima bega lile. New Orleans wakamchukua, na Februari 2010 akawapa Super Bowl. Watu huisimulia kesi hii kama kosa kubwa la Chargers. Sikubaliani nao kabisa: Rivers aliwachezea hadi 2019 bila kukosa mechi hata moja tangu alipoanza 2006.

Timu inayoruka tagi na kwenda moja kwa moja kwenye mkataba mrefu nayo inajiwekea mtego, kwa sababu ya bonasi ya kusaini. Bonasi hulipwa mapema, lakini kwenye hesabu za kikomo inatandazwa hadi miaka mitano. Bonasi ya milioni 50 huhesabiwa milioni 10 kwa mwaka. Ukimkata mchezaji baada ya miaka miwili, milioni 30 zilizobaki zinaangukia hesabu zako, na yeye yuko kwingine. Wenyewe huziita fedha mfu. New York Giants walimpa kwotabeki wao Daniel Jones miaka minne kwa milioni 160 Machi 2023, muda mfupi kabla ya dirisha la tagi kufungwa, baada ya msimu wake mzuri wa kwanza. Tagi yenyewe wakaitumia kwa mkimbiaji Saquon Barkley. Msimu uliofuata Jones alianza mechi sita akapasuka kano ya goti, na Novemba 2024 wakamwacha. Tagi ya mwaka mmoja ingeishia pale.

Wakati mwingine tagi hutolewa si kwa nia ya kumbakisha. Mwaka 2008 Tom Brady, kwotabeki wa New England, aliumia goti kwenye mechi ya kwanza. Mbadala wake Matt Cassel akaingia na timu ikashinda mechi 11. Wakamwekea tagi Cassel, wakamuuza Kansas City pamoja na mchezaji mwenzake Mike Vrabel kwa nafasi ya 34 ya drafti ya 2009. Bila tagi wasingepata kitu mkononi papo hapo. Hatari yake ni kwamba mchezaji anaweza kuisaini mara moja, na kama mnunuzi hajapatikana mshahara wote ni wako.

Kalenda ni kali. Dirisha la kutoa tagi hufunguliwa katikati ya Februari na kufungwa mapema Machi. Kutoka hapo pande mbili zina hadi katikati ya Julai kukubaliana mkataba mrefu. Siku hiyo ikipita, ni mwaka mmoja tu hadi msimu uishe. Mchezaji anaweza kukataa kusaini, lakini hatalipwa. Mkimbiaji Le'Veon Bell wa Pittsburgh alikaa nje msimu mzima wa 2018 kwa njia hiyo.

Tagi ya pili kwa mchezaji yuleyule ni angalau asilimia 120 ya ile ya kwanza, na ya tatu angalau asilimia 144 ya ile ya pili. Washington ndio walioonja hesabu hiyo. Kirk Cousins aliibuka 2015. Wakamwekea tagi ya milioni 19.95 mwaka 2016, kisha ya milioni 23.94 mwaka 2017. Kila mwaka walisema bado wanamtazama, naye kila mwaka alicheza vizuri na bei yake ikapanda. Ya tatu ingefika kama milioni 34.5. Wakakubaliana na Kansas City wamlete kwotabeki Alex Smith, Cousins akaenda Minnesota kwa miaka mitatu, milioni 84 zote zikiwa na dhamana, na baada ya kumlipa karibu milioni 44 ndani ya misimu miwili Washington wakaambulia nafasi moja ya fidia, ambayo ligi huipa timu iliyopoteza mchezaji, mwishoni mwa raundi ya tatu ya drafti ya 2019.